Kipozamataza na Mlima

Mtu aionapo helikopta imesimama hewani juu ya paa la nyumba, haiendi mbele wala hairudi nyuma, macho yake hutekwa na panga ndefu zizungukazo juu yake. Huzistaajabia panga, akazisifu, akenda zake. Swali la pili, ambalo ndilo gumu, ni nadra kuulizwa: panga hizo huzungushwa na nini? Panga ni mikono tu. Mikono yaweza kuwa mirefu na ya kupendeza, lakini mwili ukikosa pumzi mikono hulegea. Kisa cha helikopta, tangu siku ilipokuwa kiroja cha viwanja vya maonyesho mpaka siku ilipopanda mlimani kuchukua mgonjwa, kwa sehemu kubwa ni kisa cha pumzi hiyo.

Helikopta za mwanzo zilikwenda kwa injini za pistoni, jamaa ya injini za motokaa. Pistoni ni kitu chenye ari lakini chenye hasara: hupanda ndani ya silinda, husimama, hushuka, husimama tena, na kila kusimama huzaa mtikisiko. Atakaye nguvu nyingi hana budi kuongeza silinda, na aongezaye silinda huongeza uzito. Katika lori hasara hiyo huvumilika, kwa maana ardhi ndiyo ibebayo mzigo. Ndege yenye mabawa nayo ina nafuu yake. Injini ikichoka, mabawa huendelea kuuegemea upepo. Helikopta isimamapo hewani haina nafuu hiyo. Hujibeba yenyewe kila nukta, kama mchukuzi aliyesimama na gunia kichwani akingoja kuambiwa alitue wapi. Kila kilo ya chuma iliyomo ndani ya injini yake ni kilo aliyonyimwa abiria.

Na tena kuna mlima. Kadiri chombo kinavyopanda juu ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Panga hukosa kitu cha kushika, na injini hukosa kitu cha kuvuta. Mashaka mawili huja kwa pamoja, moja likiongeza la pili. Kwa sababu hiyo katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950 helikopta nyingi zilikuwa vyombo vya bondeni. Ziliutazama mlima kama mtoto aitazamavyo embe iliyo juu ya mti.

Dawa ya maradhi hayo ilikwisha kuwako zamani katika mchezo wa watoto. Neno turbini lilitungwa kwa ajili ya gurudumu la maji na mhandisi wa Kifaransa, Claude Burdin, katika miaka ya 1820. Alilitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya kitu kizungukacho kwa kasi, na moja ya maana zake ni pia, ile pia ya mti ambayo mtoto huizungusha kwa uzi uwanjani. Huenda wapenzi wa lugha wakacheka kidogo kwamba Kiswahili kilikuwa na jina hilo nyumbani, kikaenda kukopa jingine ng'ambo. Lakini jina lilistahili. Pia haipandi ikashuka. Haisimami katikati ya kazi yake. Huzunguka upande mmoja tu, na kadiri izungukavyo kwa kasi ndivyo inavyoonekana kutulia.

Injini ya turbini ya helikopta ni pia kadhaa zilizopangwa juu ya shafti. Pia ya mbele, iitwayo kompresa, huvuta hewa na kuishindilia. Hewa iliyoshindiliwa huingia katika chumba cha moto, ambamo mafuta yaliyo ndugu wa mafuta ya taa hunyunyizwa na kuwaka bila kukoma. Hewa ya moto hufura, hutafuta pa kutokea, na njia pekee iliyoachiwa hupita katikati ya vibao vya turbini. Inapopita huisukuma turbini izunguke, na turbini nayo huizungusha kompresa ivute hewa nyingine. Kama mambo yangeishia hapo, chombo hicho kingekuwa kama mkulima alimaye shamba apate nguvu za kulima tena shamba lilo hilo. Lakini moto huzaa nguvu kupita ile inayotakiwa na kompresa, na ziada hiyo ndiyo faida. Katika ndege za jeti ziada hutupwa nyuma iwe msukumo. Katika helikopta hukamatwa karibu yote, ikapitishwa katika shafti, ikaingia katika giaboksi.

Giaboksi ina kazi kubwa kuliko sifa zake. Injini ndogo ya namna hii huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, ilhali panga za helikopta ndogo hazihitaji kupita mara 400 hivi. Lau panga zingefungwa moja kwa moja kwenye shafti, zingeng'oka na kutawanyika kabla ya kunyanyua hata kiti cha rubani. Kwa hiyo kati ya haraka ya injini na utulivu wa panga pamewekwa safu ya magurudumu yenye meno, yaliyooga mafuta, ambayo kazi yake yote ni kubadili mbio ziwe nguvu. Ni mpatanishi asiyeonekana, na akikosea hapana wa kusuluhisha.

Wahandisi wengine waliongeza ujanja. Badala ya kufunga kila kitu katika shafti moja, waliweka turbini ya pili nyuma ya ile ya kwanza, isiyogusana nayo hata kidogo. Kiungo cha pekee kati yao ni upepo wa moto. Ya kwanza huendesha kompresa, ya pili huendesha panga, kama mashua mbili zilizo katika kaskazi moja: hazikufungwa kamba, lakini pepo ni zile zile. Faida yake ni kwamba rubani aweza kubadili mzigo wa panga bila ya kuikaba roho injini. Mpango huo ndio uliokuja kutawala katika helikopta za kiraia na za kijeshi pia.

Tarehe 10 Desemba 1951, huko Marekani, helikopta ya kampuni ya Kaman, aina ya K-225, iliruka kwa injini ya turbini iliyotengenezwa na Boeing. Ilikuwa ya kwanza duniani kufanya hivyo, na sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Walakini heshima ya kufanya jambo mara ya kwanza si sawa na heshima ya kulifanya liwe kazi ya kila siku. Heshima hii ya pili ilikwenda Ufaransa, tena katika kijiji cha Bordes, chini ya milima ya Pyrenees, mahali ambapo mtu asingetazamia kukuta kiwanda cha injini za ndege.

Mwenye kiwanda hicho alikuwa Joseph Szydlowski. Alizaliwa Poland mwaka 1896, Myahudi, akapita Ujerumani, akahamia Ufaransa. Mwaka 1938 alishiriki kuanzisha kampuni ya Turbomeca. Kazi yake ya kwanza haikuwa turbini. Ilikuwa kompresa za kushindilia hewa katika injini za pistoni za ndege za vita ili zisiishiwe pumzi angani. Mtu huyu, basi, aliijua njaa ya hewa nyepesi kabla ya kuijua helikopta. Vita Vikuu vya Pili vilimsukuma kusini mpaka Bordes, na Wajerumani walipoikalia sehemu hiyo ya nchi akakimbilia Uswisi. Vita vilipokwisha alirudi akaanza upya. Injini zake alizipa majina ya maziwa na vilele vya milima ile iliyomhifadhi, na moja katika hizo iliitwa Artouste, kwa jina la ziwa. Artouste ilikusudiwa mwanzoni iwe mashine ya msaada tu, ya kuzalisha nguvu ndani ya chombo kingine. Haikuzaliwa kuwa mashuhuri. Iligundulika kuwa ni nyepesi na ina nguvu, ikatafutiwa kazi kubwa kuliko ile iliyoandikiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa helikopta iitwayo Alouette II. Alouette kwa Kifaransa ni kipozamataza, ndege mdogo apandaye wima angani huku akiimba. Iliruka mara ya kwanza tarehe 12 Machi 1955, rubani akiwa Jean Boulet. Umbo lake halikuwa la kujivunia. Mbele ni tufe la kioo kama taa ya chemli, nyuma ni mkia wa mabomba yaliyoungwa bila hata kuvikwa bati, na injini imekaa wazi mgongoni, haina paa. Mtu angeweza kudhani mafundi waliondoka kula kabla ya kumaliza kazi.

Siri ilikuwa katika hesabu. Injini iliyowekwa mgongoni mwa kipozamataza iliweza kutoa nguvu za farasi 530, lakini chini, karibu na usawa wa bahari, ilikatazwa kupita 360. Msomaji aweza kuuliza, kuna hekima gani kumnunua punda mwenye nguvu na kumtwika nusu gunia? Hekima ni hii: hewa inapokuwa nyepesi nguvu za injini hupungua, lakini zinapunguka kutoka 530, si kutoka 360. Hivyo rubani hupanda na kupanda, na kwa muda mrefu hupata zile 360 zake kamili kama kwamba hakuondoka bondeni. Akiba haiozi, husema watu, na hapa akiba yenyewe ilikuwa imewekwa ndani ya chuma. Tarehe 6 Juni 1955 Boulet alifika nayo mita 8,209. Kibo cha Kilimanjaro kina mita 5,895.

Rekodi ni jambo moja, mgonjwa ni jambo jingine. Tarehe 3 Julai 1956 Alouette ilipanda Mont Blanc, zaidi ya mita 4,000, ikamchukua mpanda mlima aliyeshikwa na ugonjwa wa moyo katika kibanda cha Vallot. Safari ambayo ingewachukua wachukuzi wa machela muda mrefu katika barafu ilikwisha kwa dakika. Wakati ule ilionekana kama kwamba mlango umefunguliwa na hautafungwa tena. Haukupita mwaka, mlima ule ule ukaonyesha kwamba mlango waweza kuwa wazi na watu wakafa kizingitini.

Mnamo Desemba 1956 vijana wawili, Jean Vincendon wa Paris na François Henry wa Ubelgiji, waliondoka Chamonix kuupanda Mont Blanc kwa upande wa Brenva. Walikutana njiani na Mwitaliano Walter Bonatti na mwenzake Silvano Gheser. Dhoruba iliwakuta wote juu. Bonatti, aliyekuwa miongoni mwa wapanda milima hodari kabisa wa zama zake, aliweza kumfikisha Gheser katika kibanda cha Vallot, na baadaye wakashuka upande wa Italia, Gheser akiwa ameumizwa vibaya na baridi. Vijana wale wawili walishika njia nyingine kuelekea bondeni. Wakakwama. Viungo vyao viliganda, wakawa hawawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba walionekana. Watu wa Chamonix waliwatazama kwa darubini kutoka chini, nukta mbili katika weupe. Ndege ziliwapitia juu, wakadondoshewa vifaa. Viongozi wa kupanda mlima waliona kwamba theluji ilikuwa katika hali ya kuporomoka, na kwamba kupeleka watu kwa miguu ni kuongeza maiti. Lionel Terray, aliyefika kilele cha Makalu mwaka 1955, hakukubali. Aliondoka na watu wa kujitolea, lakini hakuwahi. Serikali nayo iliweka tumaini katika helikopta.

Helikopta iliyotumwa tarehe 31 Desemba ilikuwa Sikorsky S-58 ya jeshi la anga la Ufaransa. Ilikuwa chombo kikubwa na cha kuaminika, chenye injini ya pistoni ya silinda tisa zilizopangwa duara, nguvu za farasi 1,525. Injini hiyo ilikaa puani, chini ya miguu ya marubani, nayo peke yake ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 500; Artouste ya kipozamataza haikufika kilo 200. Ndani walikuwamo marubani wawili na waokoaji wawili. Ilipokaribia mahali walipolala vijana wale, theluji laini iliyopeperushwa na panga ilisimama kama ukuta mweupe, macho ya marubani yakapotea, na chombo kikaanguka. Hakufa mtu katika kuanguka kule. Lakini mlima, ambao asubuhi ulikuwa na watu wawili wa kuokolewa, sasa ulikuwa na sita.

Kilichofuata hakielezeki bila uchungu. Marubani hawakuwa watu wa mlimani, wala hawakuvaa kwa ajili ya usiku wa namna ile. Vincendon na Henry hawakuweza kutembea. Waokoaji walilazimika kuchagua. Waliwaweka vijana wale ndani ya gofu la helikopta, wakawafunika kwa walivyokuwa navyo, wakawaahidi kurudi, kisha wakawaongoza marubani kwenda kibanda cha Vallot. Mmoja wa marubani aliteseka sana kwa baridi njiani.

Tarehe 3 Januari 1957 Alouette mbili zilipanda. Jean Boulet alikuwa miongoni mwa marubani wake. Zilitua karibu na kibanda, katika hewa ile ile iliyoishinda Sikorsky, zikawachukua watu, zikashuka, zikarudi, mpaka marubani na waokoaji wote wakawa bondeni. Gofu la Sikorsky lilitazamwa kutoka juu. Hapakuonekana dalili ya uhai, na wakubwa wakaamua kwamba kazi imekwisha. Miili ya Vincendon na Henry iliteremshwa Machi 1957.

Tangu siku hizo watu hawakuacha kubishana. Wengine hulaumu viongozi wa mlima, wengine jeshi, wengine vijana wenyewe kwa kupanda katikati ya baridi. Wako pia wasemao kwamba kama kipozamataza kingetangulizwa badala ya Sikorsky wale wawili wangepona. Kauli hii ina ladha ya kweli, lakini yapasa kupokewa kwa uangalifu. Ukuta wa theluji ulioipofusha Sikorsky haukujali injini. Rubani wa Alouette naye angeweza kupofuka. Tena mwishoni mwa 1956 Alouette zilikuwa chache bado. Ni dhuluma kumtwika marehemu pistoni dhambi zote za siku ile. Lisilokuwa na ubishi ni hesabu peke yake: chombo chenye nguvu za farasi 1,525 kilibaki juu ya theluji, na chombo kilichoruhusiwa 360 kilikwenda na kurudi. Na kuna ubishi mwingine ambao hesabu haiuwezi, nao ni ule wa ahadi iliyotolewa mlangoni mwa gofu. Walioitoa waliokolewa na mashine ambayo vijana wale waliisikia, kama walikuwa hai, ikipita juu yao.

Aibu ilizaa sheria. Kwa waraka wa tarehe 21 Agosti 1958 serikali ya Ufaransa iliuondoa uokoaji wa milimani katika hiari ya watu binafsi na vyama, ikauweka mikononi mwa polisi na askari wa jandarmeria, na helikopta za turbini zikawa chombo chao cha kawaida.

Boulet hakuacha kupanda. Tarehe 21 Juni 1972, katika helikopta aina ya Lama, yenye injini ya Artouste, alifika mita 12,442. Alipopunguza moto ili ashuke, injini ilizimika katika baridi ile na haikukubali kuwaka tena. Hapo ndipo ilipoonekana fadhila ya panga. Katika helikopta kuna kiungo kiachiacho panga huru injini inapokufa, na chombo kinaposhuka upepo utokao chini huendelea kuzizungusha, kama upepo uzungushavyo kinu. Boulet aliteremka njia yote hiyo bila injini, akatua salama. Mapanga yale aliyoambiwa msomaji mwanzoni kwamba ni mikono tu yanastahili kurudishiwa sehemu ya heshima yao.

Mpaka hapa kisa ni cha kuokoa. Lakini shafti haijui imebeba nini. Alouette ya kwanza ilikuwa bado mpya ilipopelekwa vitani Aljeria. Wamarekani walikuwa na injini yao ya T53, iliyosanifiwa na Anselm Franz, Mwaustria ambaye wakati wa vita aliwatengenezea Wajerumani injini ya jeti ya Jumo 004. T53 iliibeba helikopta mashuhuri ya Bell iliyoitwa Huey, ambayo bila yake vita vya Vietnam havifikiriki. Huko Vietnam turbini ilionyesha udhaifu wake mkubwa: hula chochote. Mvuto ule ule uivutao hewa huvuta na mchanga, na mchanga husaga vibao vya kompresa kama jiwe lisagavyo kisu. Injini ya T700, iliyofuata baada ya somo hilo na kuwekwa katika Black Hawk, ilipewa pua iizungushayo hewa kwa nguvu kabla ya kuimeza, ili mchanga, kwa kuwa ni mzito, urushwe pembeni na kutolewa nje. Ni kupepeta, kazi aijuayo kila mwanamke mwenye ungo; wahandisi waliifikia kwa gharama kubwa.

Kwa wasomaji wa upande huu wa dunia, hata hivyo, Aljeria na Vietnam ni mbali. Mueda si mbali. Vita vya FRELIMO dhidi ya Wareno vilianza tarehe 25 Septemba 1964, na wapiganaji walikuwa na vituo vyao Tanzania. Wakimbizi walivuka Ruvuma kuja kaskazini. Silaha na chakula vilivuka kwenda kusini, vingi vikiwa vichwani mwa wanawake na wanaume waliotembea siku nyingi porini. Wareno walikuwa na Alouette III, ndugu mkubwa wa kipozamataza wa Mont Blanc. Injini yake ilikuwa Artouste III, yenye uwezo wa nguvu za farasi 870 lakini ikiruhusiwa 570, akiba ile ile kwa hekima ile ile. Ilichukua rubani na watu sita. Nyingine zilifungwa mzinga wa milimita 20 mlangoni. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alipoanzisha mashambulizi makubwa katika nchi ya Wamakonde, yaliyoitwa Fundo la Gordio, askari walipelekwa kwa helikopta mpaka kwenye maficho ambayo kwa miguu yangewachukua siku kuyafikia.

Hapo tofauti ya Mont Blanc imepinduliwa. Kwa mgonjwa aliyelala katika kibanda cha Vallot, sauti nyembamba ya turbini ilikuwa uhai unaokuja. Kwa mtu aliyebeba mzigo kichwani katika msitu wa Mueda ilikuwa amri ya kulala chini ya mti asionekane. Sauti ni moja, moto ni mmoja, na kiwanda cha injini ni kimoja. Waliotengeneza vibao vile Bordes huenda hawakupata kuliona jina la Mueda katika ramani. Si haki kuwahesabu kuwa wapiganaji, wala si haki kuwatoa kabisa katika hesabu. Jambo hili limewashughulisha watu wengi waliokwisha kulifikiri, na wengi waliliacha pale walipolikuta.

Miaka thelathini baada ya Fundo la Gordio, Februari na Machi 2000, mito ya Limpopo na Save ilifurika Msumbiji baada ya mvua nyingi na kimbunga cha Eline. Mamia ya watu walikufa. Maelfu walipanda juu ya mapaa na miti. Helikopta za kwanza kufanya kazi kubwa huko zilikuwa chache, za jeshi la anga la Afrika Kusini, na miongoni mwao zilikuwa Oryx. Oryx huendeshwa na injini mbili za Makila, na Makila ni mtoto wa Turbomeca, kampuni ambayo tangu 2016 huitwa Safran Helicopter Engines.

Hapakuwa na mlima Limpopo, lakini palikuwa na joto, na joto hufanya kazi ile ile ya mlima: huifanya hewa iwe nyepesi. Kwa hiyo rubani aliyesimama juu ya paa lenye watu ishirini alikuwa na hesabu ile ile ya Boulet. Angeweza kuchukua wangapi? Kila lita ya mafuta aliyobeba ilikuwa sehemu ya mtu asiyeweza kumbeba, na kila lita aliyoacha ilikuwa sehemu ya safari asiyoweza kuifanya. Hapana kitabu kimwambiacho rubani amshushe nani. Walichukua wengi kupita desturi, watoto wakipakatwa na watu wasiowajua, wakaenda wakawaweka nchi kavu, wakarudi, wakakuta pengine mti upo na pengine mti haupo.

Tarehe 1 Machi katika mkoa wa Gaza, karibu na Chibuto, mwanamke mmoja alikuwa juu ya mti kwa siku kadhaa na jamaa zake, maji yakiwa chini yao. Alikuwa na mimba iliyotimia. Uchungu ulimkuta hapo, akajifungua hapo, katika matawi. Helikopta ilikuja ikasimama juu ya mti, mahali ambapo panga hazikuwa na ruhusa ya kuyumba hata hatua mbili, na mhudumu wa tiba wa jeshi akashushwa kwa kamba mpaka kwenye tawi. Alikata kitovu. Mama na mtoto walivutwa juu, injini mbili zikinguruma, majani ya mti yakilazwa chini na upepo wa panga. Mtoto alikuwa wa kike.